Mji Tunauona, Mji Hautusikii

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, kule kwetu Kibosho liko jiwe moja kubwa ukingoni mwa korongo, si mbali na kanisa, ambalo vijana wamelipa jina la Posta. Hakuna barua inayopita hapo. Wameliita hivyo kwa sababu ukisimama juu yake simu hupata mtandao, na ukishuka hatua kumi kuelekea migombani simu inabaki kuwa saa ya kutazamia muda. Basi jioni utawakuta watu wamejipanga juu ya jiwe hilo kama kunguru juu ya paa, kila mmoja amenyoosha mkono wake juu.

Mwezi Julai mwaka jana nilikuwa nyumbani kwa dada yangu. Mwanawe, mpwa wangu, alikuwa amemaliza kidato cha sita, na siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kukamilisha maombi ya chuo. Dirisha lilikuwa lifungwe saa sita usiku. Usiniulize kwa nini alingoja hadi siku ya mwisho. Fedha ya ada ya maombi ilipatikana asubuhi ile ile baada ya dada kuuza mkungu wa ndizi na kuku wawili, na wazazi wengi wanaonisikiliza wanaijua hali hiyo bila kuelezwa.

Saa tatu usiku tukapanda Posta, yeye na simu yake, mimi na kurunzi. Tukawakuta wengine wanne, mmoja wao mama muuguzi wa zahanati ya jirani aliyekuja kutuma hesabu ya dawa za mwezi. Mpwa wangu akamwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye kioo cha simu yake. Fomu ya chuo ilikuwa na kurasa tano. Ukurasa wa nne ulitaka picha ya cheti. Hapo ndipo kile kiduara kilipoanza kuzunguka. Kikazunguka, kikasimama, kikaandika kwamba jaribio limeshindikana, tukaanza upya. Mama muuguzi akatushauri tungoje watu wapungue, kwani mnara ulioko ng'ambo ya korongo ukielemewa ndivyo unavyofanya.

Wakati kiduara kinazunguka, mimi nilikuwa nikitazama bondeni. Usiku ule anga lilikuwa safi. Taa za Moshi mjini zote zilionekana, toka Majengo na Pasua hadi upande wa Soweto, na mbele zaidi, katikati ya giza la tambarare, taa za kiwanda cha sukari cha TPC kule Arusha Chini. Kwa mstari ulionyooka mji hauko hata kilomita ishirini kutoka pale jiweni. Nikajiuliza swali ambalo nililiona la kitoto: ikiwa mwanga wa taa za Moshi hupanda mpaka hapa kila usiku bila vocha na bila mnara wa mtu, kwa nini picha ya cheti cha kijana huyu isishuke kwa njia hiyo hiyo?

Kabla ya saa tano ukungu ukashuka kutoka msituni, taa za Moshi zikapotea moja moja, na saa sita ikatukuta ukurasa wa nne. Kijana alikuja kupata nafasi katika dirisha la pili, lakini si katika fani aliyoitaka. Alitaka utabibu. Leo anasoma kitu kingine, anasema kinamfaa, nami sijamwuliza zaidi.

Lile swali la kitoto, hata hivyo, liliendelea kunisumbua, nikaanza kusoma na kuwauliza mafundi. Nimegundua kwamba limeulizwa na watu wazima kwa muda mrefu sana. Mwaka 1880 huko Washington, Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, pamoja na msaidizi wake Charles Sumner Tainter, walipeleka sauti ya mtu kwa mwali wa jua umbali wa mita 213. Walitumia kioo chembamba kilichotikisika kwa sauti ya msemaji. Kioo kikitikisika, mwali uliorudishwa nacho ulikolea na kufifia. Na upande wa pili kipande cha madini ya seleni kiliugeuza mchezo huo wa mwanga kuwa umeme, na umeme ukawa sauti tena. Bell aliuona uvumbuzi huo kuwa mkubwa kuliko simu. Dunia haikumfuata, maana wingu likipita mazungumzo yanakatika, ilhali waya haujali wingu.

Wanajeshi nao walikuwa na vioo vyao vya kupelekeana ishara kwa mwanga wa jua kutoka kilima hadi kilima. Katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918 vioo hivyo vilitumika huku kwetu Afrika Mashariki. Navyo vilikuwa na udhaifu ule ule.

Kilichobadilika siku hizi ni taa yenyewe. Chukua taa nyeupe ya LED, hii ambayo sasa iko hata kwenye kibanda cha muuza chipsi. Ndani yake mna kijipande kinachotoa mwanga wa buluu, na juu yake pamepakwa unga wa manjano. Buluu na manjano vikichanganyika, jicho huona nyeupe. Wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walitunukiwa Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kuivumbua LED ya buluu, kwa sababu bila buluu hiyo nyeupe isingepatikana. Sasa, tofauti na balbu ya zamani ambayo hadi ipoe inachukua muda, LED huweza kupunguzwa na kuongezwa mwanga mara mamilioni kwa sekunde moja, na wewe uliyekaa chini yake ukisoma gazeti usijue lolote. Mng'ao ni moja, mfifio ni sifuri; na moja na sifuri ndizo herufi ambazo kompyuta zote duniani huandikiana. Harald Haas, wakati huo profesa wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, mwaka 2011 aliwaonyesha watu ukumbini taa ya mezani iliyokuwa ikipeleka picha za video kwa mwanga wake, akaupa mtindo huo jina la laifai, mdogo wake waifai. Mwaka 2023 ukapata kiwango chake cha kimataifa, yaani watengenezaji wote wakawa na kanuni moja ya kufuata.

Lakini LED ina uvivu wake. Hasa ule unga wa manjano, ukishapigwa na buluu, huendelea kung'aa kitambo kidogo baada ya kuambiwa uzime. Kitambo hicho kwetu si kitu, kwa kompyuta ni siku nzima. Ndipo wakaja watu wa leza. Badala ya LED wanapiga mwali wa leza ya buluu kwenye kibamba kidogo chenye unga wa aina hiyo, unatoka mwanga mweupe mkali kutoka mahali padogo kuliko punje ya mtama. Kampuni ya BMW iliweka taa za mbele za namna hiyo kwenye gari lake la i8 mwaka 2014, kwa sababu hutupa mwanga mbali barabarani. Nakamura na wenzake walianzisha kampuni ya SLD Laser kwa ajili ya kazi hiyo, nayo Kyocera ya Japani ikainunua mwaka 2021. Na kwa kuwa leza huwaka na kuzima upesi kuliko LED, taa hiyo hiyo inayomulika ukumbi au barabara inaweza kubeba habari kwa gigabiti kadhaa kwa sekunde. Kwa kasi hiyo filamu nzima huingia kwenye simu kabla hujamaliza kukaa vizuri kitini.

Hofu ya macho ni ya haki, kwani leza tupu ikikuingia jichoni inaumiza. Katika taa hizi mwali ukishapita kwenye unga ule unatawanyika na kuwa mwanga wa kawaida. Hatari iko pale taa inapopasuka, na watengenezaji huweka kinga ya kuizima. Kwa fundi wetu wa mtaani anayependa kufungua kila kitu aone kilichomo, ningemwomba hii aiache.

Sasa hapa naomba tutulie, kwa sababu wauzaji wa mambo mapya hupenda kuchanganya vitu viwili. Taa nyeupe ya leza inafaa chumbani, darasani, wodini, ukumbini, pengine chini ya nguzo ya taa ya barabara. Haitatoka Moshi ikafika Kibosho ikiwa bado na maneno yake. Na tena hiyo taa ya darasani, kabla haijawapa wanafunzi intaneti, lazima yenyewe iwe imeipata mahali, kwa waya au kwa njia nyingine, na lazima iwe na umeme. Umeme ukikatika, taa na mtandao vinazimika pamoja, mwalimu anarudi kwenye chaki. Kwa hiyo kwa mtu aliyesimama juu ya Posta, taa hiyo bado ni habari ya mbali.

Kitu cha pili ndicho kinachotuhusu zaidi, na kimeshajaribiwa hapa hapa Afrika. Huu ni mwali wa leza usioonekana kwa macho, wa aina wanayoiita infraredi, unaorushwa kutoka kisanduku kimoja juu ya mnara hadi kisanduku kingine juu ya mnara wa pili. Asili yake ni maputo. Wasikilizaji wetu wa upande wa Tarakea watakumbuka mwaka 2020, kampuni ya Loon, ndugu yake Google, ilipopeleka juu ya Kenya maputo ya intaneti yaliyoelea kama kilomita 20 angani, ikishirikiana na Telkom Kenya. Januari 2021 ikatangazwa kwamba maputo hayo yanafungwa, fedha haikurudi. Lakini ufundi uliotumika kufanya puto lizungumze na puto kwa mwali wa leza ulishushwa ardhini, ukaitwa Taara, na kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 ukaanza kusambazwa Kenya kwa ushirikiano na kampuni za Econet na Liquid Telecom.

Mfano wake bora zaidi uko mtoni Kongo. Brazzaville na Kinshasa ni miji mikuu miwili inayotazamana kwa macho, katikati mto. Maji ya hapo yana nguvu na kina, waya kuupitisha chini ni taabu kubwa, basi mkongo wa mawasiliano ukalazimika kuzunguka zaidi ya kilomita 400 ili kuunganisha watu wanaoweza kuonana wakipunga mkono. Matokeo yake ni kwamba intaneti ya upande wa Kinshasa ilikuwa ghali mara kadhaa kuliko ya upande wa pili. Mwaka 2021 mafundi wa Taara walisimamisha visanduku viwili, kimoja kila upande, umbali wa kilomita 4.8. Katika siku 20 mwali huo ulivusha karibu terabaiti 700, yaani gigabaiti laki saba, ukifanya kazi kwa asilimia 99.9 ya muda. Mwali wenyewe unapotoka ni mwembamba kama kijiti, na kisanduku kina vioo vidogo vinavyojigeuza vyenyewe kila wakati kuutafuta wenzake, kwani mnara hutikisika kwa upepo na hata jua likipiga chuma chake kinapinda kidogo. Hauhitaji kuchimba mtaro, wala kibali cha masafa kama redio yetu hii inavyohitaji, wala fidia ya mashamba ya watu njiani. Wahandisi wanasema unaweza kufika kilomita 20 kwa kasi ya gigabiti 20 kwa sekunde. Kilomita 20, ndugu msikilizaji. Nilipoisoma namba hiyo niliinuka kitini.

Jumapili moja nikampigia mpwa wangu, ambaye kwa bahati alikuwa nyumbani na yuko juu ya jiwe, nikamweleza habari yote, toka Bell hadi Kinshasa. Akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akasema, "Sawa mjomba. Na ukungu je?" Simu ikakatika.

Ndivyo ilivyo. Mvua mwali huu huvumilia kwa kiasi, kwa sababu matone ya mvua ni makubwa na yameachana. Vumbi nalo si adui mkubwa sana. Ukungu ndio unaoumaliza. Matone ya ukungu ni madogo mno na ni mengi mno, na kila moja linautupa mwanga upande wake. Dereva aliyepanda barabara ya Marangu alfajiri ya Julai akawasha taa kali anajua: taa zinarudi usoni mwake kama shuka jeupe. Wenyewe wahandisi wa Taara walikiri kwamba mji wenye ukungu kama San Francisco huenda usiwe mahali pake. Sasa mlinganishe San Francisco na miteremko ya Kilimanjaro kati ya Juni na Agosti, ambapo yaweza kupita siku nzima usione ng'ambo ya korongo. Watalii hulipa nauli kutoka Ulaya, wakakaa Moshi siku tatu, wakaondoka bila kuuona mlima mzima. Mwali wa leza nao ungekaa siku tatu.

Tena kuna miti. Kihamba cha Mchagga, kwa wasiokijua, ni shamba la ghorofa: chini magimbi na maharage, juu yake kahawa, juu yake migomba, na juu kabisa miti mikubwa. Mwali hautaki jani moja mbele yake. Mgrivea ulioupanda leo kwa ajili ya kuni na kivuli, masika machache yakipita, umeshaziba mstari wa kisanduku cha watu. Utaukata? Kuna msikilizaji hapa atasema atapigana.

Kwa sababu hizo, maoni yangu, na ni yangu mwenyewe, ni kwamba teknolojia hii kwa mkoa wetu ina mahali pake, lakini mahali hapo si Kibosho. Ni tambarare. Ukishuka Moshi kuelekea Kahe na Arusha Chini, au ukafuata barabara ya Himo kwenda Mwanga na kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, hewa ni kavu, ardhi imefunguka, vilima vipo vya kusimamishia minara, na vijiji vimetawanyika kiasi kwamba kuchimba mtaro wa waya hadi kila kimoja ni gharama isiyolipika haraka. Hapo mwali ungekaa mwaka mzima ukiwa na mapumziko machache. Ajabu ni kwamba kila mara mtu anapoleta jambo jipya mkoani hulipandisha mlimani kwanza, kwa sababu mlima ndio unaopigwa picha.

Chukua mfano wa mwaka 2022. Mwezi Agosti shirika letu la TTCL lilifikisha intaneti ya kasi kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na Waziri wa Habari wa wakati ule, Bwana Nape Nnauye, akaizindua. Desemba ya mwaka huo huo ikatangazwa kwamba imefika kileleni Uhuru, mita 5,895. Mimi sikuwa miongoni mwa waliobeza. Mpagazi au mwongozaji mwenye mgonjwa wa kupanda juu anahitaji kuita msaada, na huyo mpagazi ni kijana wa Marangu au Machame, si mgeni. Utalii nao unalisha mkoa. Lakini mtalii aliyesimama Uhuru akiwapelekea jamaa zake picha, na mama muuguzi aliyesimama juu ya jiwe akijaribu kutuma hesabu ya dawa za malaria, wote wako juu ya mlima mmoja, na yule wa juu ndiye aliyepata kwanza. Kitaalamu sababu ipo: kileleni hakuna korongo la kuzuia mawimbi, wala migomba. Kipesa sababu ipo pia. Sijasikia bado sababu ya tatu.

Kuna jambo jingine linalosahaulika tunapostaajabia mwali. Mwali hauzai intaneti, unaihamisha tu kutoka pale ilipo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zilizolala chini ya Bahari ya Hindi, ile ya EASSy na ile ya SEACOM, zilipopata hitilafu huko kusini, Watanzania kutoka Mtwara hadi Bukoba walikaa wakitazama kiduara kinazunguka, akiwemo yule aliye mita mia kutoka kwenye mkongo wa taifa. Siku ile ungekuwa na leza bora duniani kutoka Moshi hadi Kibosho, ungehamisha kitu kisichokuwepo.

Hapo ndipo ninapomkumbuka mzee mmoja jirani yetu, ambaye ujana wake wote alikuwa msimamizi wa zamu za mfongo. Mfongo, kwa wasikilizaji wa mikoa mingine, ni mfereji unaochukua maji kutoka mtoni juu karibu na msitu, ukayapitisha ubavuni mwa mlima kilomita kadhaa hadi kwenye vihamba. Wageni wa karne ya 19 waliofika hapa waliiandika kwa mshangao, kwa sababu ilichimbwa bila vipimo vya kizungu na bado maji yalipita. Mzee yule alikuwa akisema kuchimba ndiyo kazi rahisi. Kazi ngumu ilikuwa mambo matatu: mdomo wa mfongo kule juu nani anaulinda, zamu ya nani ni lini, na mwenye kihamba ambacho mfongo unakipita lakini haukinyweshi analipwa nini asije akauziba usiku. Nilimsomea habari za leza, akauliza maswali hayo hayo matatu, moja baada ya jingine, ila badala ya maji akasema intaneti. Sikuwa na jibu hata la moja.

Nimejaribu kuyatafuta. Mdomo wa mfongo wetu ni mkongo wa taifa, ambao serikali ilianza kuujenga mwaka 2009, nao mjini Moshi umefika zamani. Upo pia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kisheria kuwasaidia makampuni kupeleka minara mahali ambapo biashara peke yake isingewapeleka. Shida ya vijiji kama chetu ni kwamba kwenye ramani vinaonekana vimekwisha kupata. Mnara upo, ng'ambo ya korongo, na ukichora duara kwa bikari kuuzunguka, nyumba ya dada yangu imo ndani ya duara. Bikari haijui korongo. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo viongozi wetu wa kata wangeweza kulifanya, bila fedha yoyote, ni kutembea na simu mkononi kijiji kwa kijiji, wakaandika wapi panapata na wapi hapapati, wakaipeleka orodha hiyo mahali inapohusika. Karatasi yenye majina ya shule na zahanati ina nguvu kuliko manung'uniko.

Kuhusu zamu, Kondoa mkoani Dodoma wapo waliojaribu mtandao wa jamii, unaotumia masafa ya televisheni yasiyotumika, na wanajamii wenyewe wakihusika kuuendesha. Masafa hayo hupenya miti na kupinda kidogo vilimani, jambo ambalo mwanga hauwezi. Kwa mteremko wetu huo ni mfano wa karibu zaidi kuliko Kinshasa. Na kwa makorongo yenyewe, waya bado ndio mfalme. Nguzo za umeme zimeshapanda hadi vijiji vya juu. Uzi wa kioo unaweza kuning'inizwa juu ya nguzo hizo hizo hadi shuleni na zahanati, na hauna habari na ukungu. Ndani ya huo uzi, kama hujui, kinachopita ni leza. Mwanga ule ule, ila umewekewa bomba.

Kwa taa nyeupe za leza za darasani, tuzipokee zitakapofika kwa bei ya kununulika. Kwa sasa aliye na fedha ya taa hiyo anunue kwanza madawati.

Kule Kibosho kwetu yameanza mazungumzo. Kampuni moja, ambayo sitaitaja kwa kuwa haijasaini lolote, imeonyesha nia ya kuvuta uzi hadi kwenye shule ya sekondari na zahanati, mradi njia ipatikane. Sehemu moja ya njia hiyo haina nguzo za umeme, inakatisha vihamba vya watu saba, na nguzo mpya zikisimama kila mmoja atapoteza migomba miwili mitatu na pengine mti mmoja mkubwa. Mkutano wa kijiji ni Jumamosi ijayo, na hiyo ndiyo ajenda ya pili baada ya ile ya barabara. Dada yangu ameshasema migomba yake ikatwe. Jirani wa juu yake bado, anataka kwanza kujua kama uzi huo utamwingia na yeye nyumbani au utampita tu juu ya kichwa kwenda shuleni. Mwenyekiti wa kijiji amemwahidi kwamba swali hilo atalileta mkutanoni kwa maandishi.